Kipimo cha haraka cha malaria na jeni iliyopotea

Umeuliza usomaji wa vinasaba vya vimelea vya malaria unamsaidia nini mama wa kijijini ambaye mtoto wake ana homa. Unamsaidia sana. Chukua kile kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu ya kidole, matone ya dawa, mnasubiri kama dakika 15 mistari ijitokeze. Vipimo vingi vya aina hiyo hunasa protini moja ya kimelea, HRP2. Sasa wapo vimelea vya falsiparamu, aina inayoleta malaria kali, waliopoteza jeni inayoitengeneza. Mtoto anaungua na homa, vimelea wamejaa kwenye damu, lakini mstari hautokei, anarudishwa nyumbani na panado.

Eritrea iliathirika hadi ikabadili vipimo mwaka 2016. Muuguzi akiwa peke yake zahanati hawezi kugundua hilo. Linaonekana pale sampuli za vituo vingi zinaposomwa vinasaba maabara na majibu yote kuwekwa pamoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nchi ibadili vipimo kupotea kwa jeni hiyo kukisababisha zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa malaria kuonekana hawana malaria.

Ni njia hiyohiyo iliyofichua kule Rwanda, na baadaye Kagera nchini Tanzania, vimelea wenye badiliko la jeni liitwalo R561H, ambao hawafi upesi kwa artemisinini, dawa kuu ya malaria.

Ninachodai mimi ni majibu hayo yawafikie wanunuzi wa serikali kabla zabuni ya vipimo haijasainiwa. Vikishajaa bohari, vitatumika mpaka viishe.