Anza na ukuta unaouonea haya

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Umeamua kuuza nyumba. Utafanya nini kabla mnunuzi wa kwanza hajapiga hodi?" Mimi nimeuza nyumba ya marehemu baba hapa Tabata, Dar es Salaam, na kazi hiyo ilinichukua zaidi ya mwaka mzima. Sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza mwenyewe, kwa sababu nilianza na rangi.

Ukuta mmoja wa sebule, ule unaopakana na bafu, ulikuwa na chumvi. Waliokulia pwani wanaijua. Rangi inavimba kama lengelenge, ukibonyeza inapasuka, ndani unakuta unga mweupe, na kila asubuhi kuna cha kufagia chini ya ukuta. Mama alikuwa ameuziba kwa kabati la vyombo miaka nenda miaka rudi. Nilipoamua kuuza nikamwita fundi rangi, nikamwambia akwangue juu juu, apige puti, kisha apake sebule nzima rangi ya mafuta. Siku mteja wa kwanza anakuja nikafungua madirisha yote na kufukiza udi.

Alikuwa bwana mtu mzima, amekuja na dada yake. Yule dada hakutazama marumaru wala dari. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza: "Hapa pamepakwa lini?" Nikamjibu juzi. Akaenda moja kwa moja kwenye ule ukuta, akainama, akaweka mgongo wa kiganja karibu kabisa na sakafu, halafu akamtazama kaka yake. Hawakukaa hata robo saa. Mteja wa pili aliuparaza kwa ukucha wa kidole gumba. Wa tatu alipofika, wiki sita baadaye, lengelenge zilikuwa zimesharudi.

Mnunuzi akiona rangi mbichi anajiuliza kilichofunikwa ni nini. Na udi, jamani, ni kitu kizuri cha nyumbani, lakini ukiufukiza mwingi siku ya mgeni wa namna hii unamfanya atafute harufu nyingine chini yake.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni kwamba fedha na nguvu za kwanza ziende mahali unapopaonea haya. Mimi nilimwita fundi mwashi, mzee wa mtaa wa pili, na hakuanzia ndani. Alizunguka nyuma, akatuonyesha gata lililooza kwenye kona ya bafu. Maji ya bati yalikuwa yakimwagika mguuni mwa ukuta huo masika na vuli, miaka yote. Kisha akachimba kidogo kwa mwiko. Kila tulipojaza kifusi uani ili pasiwe na tope, udongo ulipanda, mpaka ukapita ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Maji yakapata njia. Yanapanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yanabeba chumvi, na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha. Chumvi hiyo inajikusanya chembe chembe na kuisukuma lipu mpaka inaachia. Rangi yangu ya mafuta iliziba matundu ambayo unyevu ungetokea, ikaharakisha ubovu.

Tulibadilisha gata. Tukashusha udongo hadi chini ya nailoni na kuupa mteremko wa kuelekea mtaroni. Ndani tukabandua lipu yote mpaka tofali likaonekana, kimo cha kifua, tukauacha ukuta uchi miezi miwili ya kipupwe. Chumvi iliyokuwa ikitoka tuliiondoa kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Lipu mpya ilipigwa kwa mchanga wa mtoni uliooshwa na maji ya bomba yasiyo na chumvi. Fundi alikataa katakata maji ya kisima chetu, kwa kuwa ni ya chumvi kama visima vingi vya jiji hili. Mwisho niru, ule unga mweupe wa kulainisha ukuta, na juu yake rangi ya maji. Kila hatua niliipiga picha kwa simu. Gharama yote haikufikia ile niliyotumia kwenye rangi ya mafuta.

Wakati ukuta unakauka nikashughulikia aibu ya pili, ambayo ilikuwa nzito zaidi. Hati ilikuwa bado na jina la baba. Mdogo wetu wa mwisho anaishi Mwanza, na nilikuwa nimemgusia tu kwa simu. Alifika bila taarifa siku ileile ya mteja wa pili, akamwambia palepale getini: "Hii nyumba ya mzee wetu, watoto hatujakaa kikao." Nilikasirika sana siku ile. Leo nasema alikuwa na haki kabisa, na ningependa kila anayeuza nyumba ya urithi asikie: usimlete mgeni kabla ndugu hawajakaa. Tulikaa, mama akiwa katikati, tukaandika muhtasari na kila mmoja akatia sahihi. Nikaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi, na baada ya hapo usimamizi huo ukasajiliwa kwa msajili wa hati. Sasa mnunuzi akienda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati anakuta jina la mtu aliyezungumza naye sebuleni. Kwa wenye nyumba za ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mume na mke waonekane wote wawili siku mgeni anapokuja. Hilo peke yake linamtoa mtu wasiwasi.

Lipeni pia kodi ya pango la ardhi. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na wengi tunadhani hapo tumemaliza. Pango la ardhi ni deni jingine, na lisipolipwa linakungoja palepale unapotaka kuhamisha hati.

Kuna jambo dogo ambalo nimeona wanunuzi wanalipenda kuliko zulia jipya, nalo ni bikoni, zile alama za mpaka zinazowekwa na wapima kwenye kona za kiwanja. Kiwanja chetu kina nne, na tatu zilikuwa zinaonekana. Ya nne ilimezwa na michongoma tangu sijaolewa. Nilimwita jirani na mjumbe, mpwa wangu akachimba mbele yao kwa jembe, kisha kwa mikono, kwa sababu alihofia kuisogeza. Ikatokea, imekaa palepale ilipochorwa kwenye ramani. Tukaisugua mpaka namba zikasomeka. Jirani, ambaye mlango wake na wetu ulikuwa umepoa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mpaka huo, alikunywa chai kwetu jioni ile.

Mengine ni ya kawaida: floti ya tangi, koki zinazovuja, taa zilizoungua, mfuniko wa chemba. Fungeni koki zote na mtazame mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja mahali. Dalali awe mmoja, makubaliano yawe ya maandishi, na atoe taarifa tangu jana yake. Mama yangu ana miguu mibovu, na haikuwa haki akurupushwe na watu wanaoingia mpaka chumbani kwake. Wapo walionishauri nimpeleke kwa mdogo wangu na kuitoa mikeka na picha zake ili nyumba ionekane kubwa. Nilikataa. Nyumba iliyofagiwa, ikiwa na mwenyewe ndani, inaeleza mambo ambayo vyumba vitupu haviwezi kueleza.

Walionunua walikuja Aprili iliyofuata. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri. Dalali alinipigia simu kusema tuahirishe, njia ina tope. Nikamwambia wakikubali kulowa waje leo leo, maana kwa mji wetu huu unaofurika hakuna siku bora ya kuiona nyumba kuliko siku ya masika. Mume alivaa mabuti akazunguka uani, akafuata maji kuanzia gata mpaka mtaroni. Mke alibaki ndani.

"Shikamoo mama," akamwambia mama. "Mvua kama hii maji huwa yanafika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yanaishia kwenye kile kidaraja cha njiani. Hata zile za El Niño, 1997 kuingia 1998, humu hayakuingia. Tulilaza majirani hapa ulipokaa."

Kabla hajaugusa ukuta nikamwambia mwenyewe: dada, huu ulikuwa na chumvi. Nikampa simu aangalie picha moja moja: lengelenge, tofali tupu, lipu mpya. Aliinama kama yule dada wa mwanzo, akaweka mgongo wa kiganja chini karibu na sakafu, akakaa hivyo kwa muda na mvua inapiga bati. Akainuka. Alisema pale wanapopanga Kigogo, ukuta wa chumba cha watoto uko hivyohivyo, na mwenye nyumba kila mwaka anapaka rangi tu.

Bei tulikuja kuizungumza wiki iliyofuata. Siku ile alichoniomba ni namba ya fundi.