Rangi ya gari imekula plastiki ya Land Rover yangu. Inaokoka?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Majengo, Moshi. Naunda modeli ya plastiki ya Land Rover Series III ya inchi 109, kipimo cha 1:24, nataka iwe gari la utalii lenye paa la kunyanyuka. Nilinunua makopo ya spreyi duka la rangi za magari. Fundi wa gereji akanishauri nianze na praima ya bampa kwa sababu bodi ni ya plastiki. Nimepuliza praima, kisha rangi ya kaki. Ubavu wa kushoto umejaa nyufa ndogondogo kama utando, na boneti imekunjamana. Vioo nilivibandika kwa supaglu, asubuhi nikavikuta vyeupe. Je, bodi hii inaokoka au niitupe? Na nguzo za paa nizitengeneze kwa nini?

JIBU: Marahaba. Usiitupe. Boneti huenda ikakusumbua, lakini ubavu unarudi.

Fundi wa gereji hakukosea kwa kazi yake. Tatizo ni kwamba bampa na modeli ni plastiki mbili tofauti kabisa. Bampa nyingi ni polipropilini, plastiki yenye utelezi ambayo rangi haiishiki, kwa hiyo praima yake huchanganywa na viyeyushi vikali, zailini au tolueni, ili ipate kung'ang'ania. Modeli yako ni polistirini, na polistirini huyeyuka kwenye tolueni. Hapo umemwaga kiyeyushi juu ya kitu kinachoyeyuka, halafu ukaongeza rangi yenye tina kali (tina ni kiyeyushi cha rangi) juu yake kabla cha kwanza hakijatoka. Nyufa za ubavuni zimetokea kwa sababu plastiki ilikuwa na mkazo tangu ilipotoka kwenye kalibu, na tina imeuachia. Boneti ni bapa, rangi ilituama hapo ikakaa mbichi muda mrefu, ndiyo maana imeliwa zaidi.

Sasa acha kila kitu kwa wiki mbili. Sisemi hivyo kukuchosha: tina bado imo ndani ya plastiki, na ukipiga msasa leo utaburuza uji. Weka bodi mahali pakavu penye hewa, si juani na si ndani ya gari lililofungwa madirisha, maana plastiki iliyolainika hupinda kwa joto ambalo ile nzima ingelivumilia. Ukiona harufu imeisha kabisa na ukucha hauachi alama, anza.

Wengine watakuambia uitumbukize kwenye maji ya breki ili rangi itoke. Kwa rangi ya mafuta iliyowekwa juu ya plastiki nzima, njia hiyo inafanya kazi. Kwako haisaidii sana, kwa sababu kilichoharibika ni plastiki yenyewe. Utaondoa rangi na kubaki na nyufa zilezile, huku maji ya breki yakiwa yameingia ndani yake.

Tumia msasa wa maji namba 400 kwenye boneti, namba 600 ubavuni, ukiufunga kwenye kipande cha mbao bapa ili usichimbe mabonde kwa vidole. Weka tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, msasa hautaziba haraka. Nyufa nyembamba zitaondoka na msasa. Zile za kina zijaze kwa supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto mpaka iwe kama dawa ya meno, kisha ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utakula plastiki na kuacha kilima cha gundi. Puti ya gari siipendi hapa. Ina kemikali ya stirini ndani yake, nayo inashambulia plastiki ileile tunayojaribu kuiponya. Malizia na namba 800, kisha 1000.

Ribiti za Land Rover zitapotea kwenye msasa, hilo huwezi kulikwepa. Zirudishe baadaye kwa gundi nyeupe ya mbao: chovya ncha ya pini, gusa mahali ribiti ilipokuwa, acha kitone kikauke. Mistari ya milango nayo ichimbe upya kwa mgongo wa wembe wa kisu cha kukatia karatasi, ukiongozwa na rula ya chuma, mikwaruzo myepesi mitano au sita. Usiruke hatua hii. Rangi ya gari la kweli ina unene wa karibu milimita 0.1. Unene huohuo kwenye modeli yako ni sawa na kupaka gari la kweli rangi ya milimita 2.4, mlango ungekwama.

Tukirudi kwenye rangi: tina si adui, kipimo ndicho tatizo. Praima ya kawaida ya kijivu ya akriliki, ile ya chuma, itakufaa kuliko ya bampa, ila ipulizwe kama vumbi. Osha bodi kwa sabuni, suuza, kausha, usiishike tena kwa vidole vitupu. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie baada ya kuipita. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, usifunike kitu; plastiki ionekane bado, kama iliyopitiwa na vumbi la barabara ya Kiboriloni. Subiri dakika 10 hadi 15, rudia. Baada ya mikono minne ya namna hiyo, tina imekauka kabla ya kupata nafasi ya kuzama, na una ngozi nyembamba ya kinga. Hapo ndipo unaruhusiwa kupuliza mkono mmoja uliolowa kiasi. Acha saa 24.

Jihadhari na pale palipokuwa na nyufa. Hata ukipalainisha vizuri, plastiki ya hapo ina njia ambazo tina inazifahamu, na mkono mmoja mzito utazichora upya. Kabla ya yote jaribu kwenye ile fremu ya plastiki iliyoshikilia vipande ndani ya boksi, maana ni plastiki ileile. Lakini fremu haina nyufa, kwa hiyo jaribu pia upande wa ndani wa ubavu ulioharibika.

Rangi ya juu, kwa gari hili, ningechagua ya mafuta isiyong'aa, inayochanganywa na tapentaini ya madini (white spirit). Tapentaini hiyo ni pole kwa polistirini, na kaki ya gari la utalii haihitaji kung'aa. Kama una mashine ndogo ya kupulizia, ichanganye mpaka itiririke kama maziwa. Kama huna, brashi laini pana na mikono miwili myembamba inatosha, ukiiachia siku nzima kati ya mmoja na mwingine. Mpangilio ukumbuke: rangi ya mafuta inakaa juu ya akriliki ya kopo iliyokauka, lakini akriliki ya kopo juu ya rangi ya mafuta hukunjamana. Ukitaka kliya (rangi angavu ya kukinga) mwishoni, nayo iwe ya jamii ya mafuta. Kliya ya gari yenye hadna (dawa ya kuigandisha) usiitumie kabisa chumbani. Hadna yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote.

Hali ya hewa ya kwenu ina mitego yake. Wakati wa masika rangi ya kopo huweza kukauka ikiwa na ukungu mweupe: tina ikivukizwa hupoza uso wa bodi, na unyevu wa hewani unaganda pale. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Juni na Julai, Moshi na zaidi Arusha, kopo lenyewe huwa baridi na hutema matone makubwa. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika kumi. Usilisogeze karibu na jiko, makopo hayo hayatakiwi kupita nyuzi 50. Kiangazi cha vumbi, pulizia ndani ya katoni lililokatwa upande mmoja na umwage maji sakafuni kwanza.

Vioo: weupe ule ni mvuke wa supaglu ulioganda juu ya plastiki angavu. Vingine hutakata kwa msasa namba 2000 kisha polishi ya gari au dawa ya meno, lakini kwa Land Rover, ambayo vioo vyake ni bapa, ni haraka zaidi kukata vipya. Tumia plastiki angavu ya mfuniko wa boksi la shati, yenye karibu milimita 0.3, kipochi cha CD ni kinene mno, milimita 1.2 ni kama kioo cha sentimita tatu. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Hukauka angavu, na ukikosea unaifuta kwa maji.

Sasa paa. Likate kabla hujapaka praima. Kwanza angalia kama boksi lina paa la pili, lile bamba la kukinga jua ambalo Land Rover za safari ziliwekewa juu ya paa la kawaida. Kama lipo umepunguziwa kazi: paa la chini likate tundu, la juu ndilo litakalonyanyuka. Acha ukingo wa milimita 4 pande zote, toboa kila kona kwa keekee ya milimita 2 ili ufa usikimbie, kisha kwaruza mstari kwa mgongo wa wembe mara kumi na zaidi bila kulazimisha. Ukingo uliobaki utanepa, kwa hiyo uimarishe kwa ndani kwa vipande vya kipochi cha CD. Kipochi hicho nacho ni polistirini, na hapa ile tina iliyokuharibia bodi ndiyo gundi bora: chovya brashi namba 0, gusa kiungo tu, itavutwa ndani yenyewe. Tone moja. Acha hadi kesho, dirisha wazi, bila moto karibu.

Nguzo zitoke kwenye waya wa umeme wa shaba, wa uzi mmoja. Kwa kipimo cha 1:24, inchi moja ya gari la kweli ni takriban milimita moja ya modeli, na hilo litakurahisishia hesabu zote. Ila waya wa "1.5" dukani si wa kipenyo cha milimita 1.5, namba hiyo ni eneo la mkato. Kipenyo chake ni karibu 1.4, sawa na bomba la milimita 33. Wa "1.0" una 1.1, karibu kabisa na bomba la inchi moja, na huo ndio ningeuchukua. Menya, bana ncha moja, vuta nyingine kwa koleo mpaka uhisi umelegea kidogo: utanyooka kama rula. Nguzo sita, tatu kila upande, zibandikwe kwa supaglu kabla vioo havijaingia.

Kuhusu urefu wa nguzo, usikisie. Kata mtu wa karatasi wa milimita 73, ndiye mtu wa mita 1.75, msimamishe kwenye sakafu ya modeli. Macho yake yawe juu ya ukingo na kichwa kisiguse paa. Vipimo vingine vichukue kwenye picha za ubavuni za magari ya utalii yanayopita Arusha: tairi ya 7.50-16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80, na kila kitu kingine kwenye picha kilinganishe nayo.

Mwisho, najua utashawishika kupaka kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haipati kutu nyekundu. Pale rangi ilipochubuka, mbavuni na milangoni, weka kijivu cha fedha. Kutu ibaki kwenye chesisi na kwenye ukuta wa chuma unaobeba dashibodi.