Jibu: Yai jeupe juu ya jiwe jeusi la volkano

Dada, umeuliza kwa nini yai linatoka doa jeupe tupu wakati jiwe la Nyiragongo, volkano ya Kongo, limejaa picha nzima. Sababu ni hilo jiwe: kamera inaona weusi mwingi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Kwenye simu, gusa yai, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha chini hadi ganda lionyeshe umbo lake. Kwenye kamera, tumia alama ya +/- (kurekebisha mwangaza), shusha hatua 1 au 1.5.

Sasa jiwe litazidi giza, na hapo ndipo kazi ilipo. Zima taa ya ndani, weka meza ubavuni mwa dirisha ili mwanga upite chinichini juu ya vitundu vya jiwe. Upande wa kivuli simamisha karatasi nyeupe, kama sentimita 15 kutoka kwenye jiwe. Ukiisogeza karibu mno, kivuli cha yai kinakufa na picha inalala. Jua likipiga moja kwa moja, tundika shuka jeupe jembamba.

Jiwe lipige mswaki mkavu kwanza. Wengine hulilowesha, linang'aa ovyo, mimi sishauri. Yai likiteleza, donge la bugali nyuma yake linatosha. Ukiwa na kamera: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), kwenye tripodi, na saa ya kujipiga yenyewe baada ya sekunde 2.