Swali la pili ndilo linalofundisha

Mwalimu mpya huandaa maswali mazuri ya kufungulia somo. Mwanafunzi akijibu, anaambiwa "vizuri", somo linasonga, na kazi inaishia njiani. Swali la kwanza hupima kumbukumbu tu. Kufikiri huanza kwenye la pili, lile linaloshika jibu la mwanafunzi mwenyewe na kulichokonoa.

Chukua somo la mwendo. Mwanafunzi anasema kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Usimsahihishe. Muulize, "Umeliona wapi hilo?" Atataja jiwe na karatasi. Chukua karatasi mbili zinazolingana, moja uifinye iwe kidonge. "Uzito wake umebadilika?" Haujabadilika. "Basi zitafika chini pamoja?" Kila mmoja aandike utabiri wake kabla hujaziachia, maana asiyeandika atadai baadaye kwamba alijua. Kidonge kitatangulia, na sasa darasa lina la kueleza: uzito ni uleule, kilichobadilika ni nini? Ukiwahi kutaja ukinzani wa hewa (jinsi hewa inavyozuia kitu kinachoanguka), watanakili neno hilo na kuacha kutafuta.

Kosa kubwa ni haraka. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Subiri pia baada ya jibu. Wengi husahau kimya hiki cha pili, ilhali ndipo mwanafunzi huongeza "kwa sababu..." bila kusukumwa. Hesabu kimoyomoyo, na usirudie swali kwa maneno mengine, kwani utakuwa umeuliza swali jipya.

Dodosa majibu sahihi pia. Ukiwahoji waliokosea peke yao, darasa litajifunza haraka kwamba kuulizwa ni kuambiwa umekosea, na wataanza kubadili majibu wakisoma uso wako. Hata "kwa nini?" tupu husikika kama shutuma, "umefikaje hapo?" ni laini zaidi, na hudai maelezo yaleyale.

Mwanafunzi mmoja asihojiwe zaidi ya mara 2 au 3 mfululizo. Hamishia kwa wenzake: "Nani hakubaliani?" Anayepinga aanze kwa kueleza hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akubali kuwa ndivyo alivyosema. Katika darasa kubwa, wape dakika 1 wajadili wawiliwawili kabla ya kunyoosha mikono.

Kwenye andalio la somo yatosha maswali 3, na chini ya kila moja majibu 2 potofu unayoyatarajia pamoja na utakachouliza yakitokea. Maswali 10 hayamaliziki ndani ya kipindi, nawe utarudia kukimbia.

Tarehe, majina na istilahi usizidodose. Asiyezijua hawezi kuzifikia kwa kufikiri, na kumng'ang'aniza ni kumfundisha kubahatisha. Mwambie, kisha uliza lile linalohitaji hoja.