Adui Yako Mwombee kwa Jina Lake

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Dada mmoja wa Makambako, mfanyabiashara wa nafaka, ameniandikia kwamba jirani yake wa fremu ya pili amewaambia wateja kuwa mizani ya dada huyu imechezewa, na kwamba rafiki yake alimpeleka kwenye mkesha ambako waliagizwa kutaja majina ya maadui huku wakikanyaga sakafu na kupaza sauti, "Afe kwa moto!" Alirudi nyumbani akiwa na hofu zaidi kuliko alivyokwenda, na sasa anauliza kama Mkristo ana ruhusa ya kuomba hivyo. Namjibu hapa kwa sababu maombi ya namna hiyo nimeyasikia Mbeya, nimeyasikia Iringa, na mimi mwenyewe nina neno la kusema juu ya adui.

Wa kwangu simtaji jina, kwa kuwa yu hai na ana familia. Tulisali kanisa moja na tulinunua viazi pamoja Isongole na Ntokela, wilayani Rungwe, tukivisafirisha hadi Dar es Salaam. Yeye alikaa sokoni na madalali. Mimi nilibaki huko kwenye milima ya Uporoto, katika baridi na matope, nikihesabu magunia na kubishana na wapakiaji wasiyajaze lumbesa, maana mkulima anayetoa gunia na nusu akalipwa gunia moja amedhulumiwa hata kama amekubali. Msimu ambao bei ilipanda, mwenzangu alinipigia simu akilia kwamba mzigo umeoza njiani. Nikamfariji, tena nikamtumia nauli ya kurudi. Baadaye dereva wa lori, ambaye hakujua kwamba nimefichwa ukweli, alinikuta Uyole akanipongeza kwa bei nzuri tuliyoipata.

Nilipomwuliza mwenzangu, alikwenda kwa wazee wa kanisa kabla yangu akasema mimi ndiye niliyekula mtaji, na wengi wakamwamini, kwa sababu aliongoza kwaya na alijua kusema kwa machozi. Watu niliokuwa nikipika nao misibani waliacha kunisalimia. Fedha naweza kuisahau, lakini salamu zile zilizokatwa bado zinaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Usiku nilifungua Zaburi ya 109, ile inayomlaani adui, na kuisoma kwa sauti, nikiweka jina lake moyoni, hadi nilipofika pale pasemapo, "Wanawe na wawe yatima." Hapo nikamkumbuka mwanawe wa mwisho, aliyeniita mama mkubwa, ambaye nilikuwa nikimnywesha uji kwa kijiko huku mama yake akihesabu fedha mezani. Sikuweza kuendelea kusoma.

Wapo wanaosema kwamba zaburi za laana kama hiyo zinatuhalalishia kuwaombea watu kifo, kwa kuwa Daudi aliomba hivyo. Lakini tumtazame Daudi mzima. Katika pango la En-gedi, mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda amuue, alipoingia bila kujua ni nani amejificha ndani, watu wa Daudi walimwambia kwamba hiyo ndiyo siku aliyoahidiwa na Bwana, naye akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa upindo huo moyo ukamchoma. Katika nyika ya Zifu alimkuta Sauli amelala, mkuki umechomekwa karibu na kichwa chake, akamwacha tena. Uchungu wake aliumimina mbele za Mungu, na kwa sababu aliumimina huko, mkono wake haukuutafuta mkuki. Kwa hiyo mwambie Mungu kila kitu, hata maneno ambayo huwezi kuyasema mbele ya mchungaji, kisha hukumu umwachie. Yakobo na Yohana walipotaka kushusha moto juu ya kijiji cha Wasamaria, Bwana Yesu aliwakemea, nao walikuwa mitume.

Baada ya hapo nilianza kumwombea mwenzangu kwa jina lake, na si kwa ujumla ule wa "Bwana, wabariki maadui zangu," ambao hauugharimu moyo chochote. Nilimwombea afya, nikawaombea wanawe ada, na nikaomba biashara yake ipate faida ya halali. Mwanzoni maneno yalikuwa machungu mdomoni, lakini nisikilizeni, ndugu: Yesu hakusema tungoje mpaka tusikie upendo. Alisema, "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi." Sisi Wamoravian, ambao kanisa letu hapa nchini lilianza Rungwe mwaka 1891, tunakiri kwamba Mwana-kondoo wetu ameshinda, tumfuate, basi tumfuate hata katika namna alivyoshinda.

Wala kumwombea adui si kunyamazia uovu. Paulo alipopigwa hadharani huko Filipi bila hukumu, alidai haki yake ya uraia, akakataa kutolewa gerezani kwa siri. Mimi nilifuata Mathayo 18: nilikwenda kwake peke yangu, kisha nikaenda na mashahidi wawili, daftari la magunia likiwa mkononi. Fedha haikurudi yote. Hata hivyo leo nasafirisha viazi kwa jina langu mwenyewe, na wakulima wa Isongole wananipa mzigo kwa neno la mdomo tu.

Jambo jingine nalisema kwa ukali. Mtu yeyote, hata akijiita nabii, akikuambia kwamba adui yako ni bibi fulani wa jirani au shangazi yako, ondoka hapo. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu inakataza kumtuhumu mtu uchawi, na Paulo amekwisha kutuambia kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Kuna vikongwe waliouawa katika nchi hii kwa sababu ya tuhuma za namna hiyo.

Nawe, dada yangu wa Makambako, nenda kwa Wakala wa Vipimo waikague mizani yako, na stika ya ukaguzi uibandike mahali ambapo kila mteja ataiona kabla hajafungua pochi. Zungumza na jirani yako ana kwa ana. Akikataa, rudi na mtu mnayemheshimu wote wawili. Asubuhi unapofungua duka, msalimie wewe kwanza, na katika maombi yako itaje fremu yake kabla ya kuitaja yako.