Maswali ya Wasomaji: Kikomo Kilichofungiwa Ndani ya Msimbo

SWALI: Wahariri, salaam aleikum. Tuna programu ya Python ya chama cha wavuvi. Kila usiku hukusanya uzito wa samaki kutoka Faza na Kizingitini, hukokotoa malipo, kisha humtumia kila mvuvi ujumbe mfupi. Kila hatua tumeipa sekunde 60 na kurudiwa mara 3, na tarakimu hizo zimo ndani ya msimbo wenyewe. Msimu wa kusi hatuna shida. Kaskazi ikishika na mashua zikawa nyingi, hatua hukatwa njiani na wavuvi wengine hupata ujumbe mara mbili. Je, nigeuze 60 iwe 600?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo 600 itakuvusha msimu huu, lakini ujumbe wa mara mbili hautaisha, maana chanzo chake ni kurudia. Hatua ikikatwa baada ya kutuma ujumbe 130 kati ya 200, ikirudiwa huanza tena na mvuvi wa kwanza. Tengeneza hapo kwanza. Weka jedwali lenye ufunguo wa kipekee: tarehe, namba ya mwanachama na aina ya ujumbe. Andika "unatumwa" kabla ya kutuma, "umetumwa" baada ya kupokelewa. Ukikuta ujumbe umekwama kwenye "unatumwa", uliza kwa kampuni inayokutumia ujumbe kabla ya kuurudia. Malipo ya watu si mahali pa kubahatisha.

Sasa toa vikomo vya muda kwenye msimbo, uviweke kwenye faili ya mipangilio. Kikomo cha hatua kishinde kile cha mtiririko mzima wa kazi, hicho kishinde kile cha jumla cha programu yote, na mwisho kabisa chaguo-msingi, yaani thamani inayotumika usipoandika nyingine. Acha chaguo-msingi liwe 60 ileile, ili asiyegusa faili asione mabadiliko yoyote. Kipimo kiingie kwenye jina lenyewe: kikomo_hatua_sekunde. Jina "kikomo" peke yake litamfanya mtu aandike 10 akikusudia dakika.

Kagua thamani programu inapowaka, si saa sita usiku kazi ikiwa katikati. Ukitumia pia vigezo vya mazingira, yaani thamani programu inazopewa na mfumo wa kompyuta, hufika kama maandishi, hivyo "600" lazima igeuzwe kuwa namba. Kataa namba hasi. Sifuri nayo ikatae: kwingine humaanisha hakuna kikomo, kwingine kukata papo hapo. Anayetaka kuacha wazi aandike bila_kikomo, aonekane amekusudia.

Kisha piga hesabu, maana hapa wengi huteleza. Katika Airflow, programu ya kupanga na kuendesha mitiririko ya kazi, kwa mfano, retries (idadi ya kurudia) ikiwa 3 kazi yaweza kuendeshwa mara 4, na execution_timeout (kikomo cha muda) huanza upya kila jaribio. Kwa sekunde 600 kila jaribio na mapumziko ya 300 katikati, jumla ni 4 × 600 + 3 × 300, yaani sekunde 3,300, dakika 55. Kama mtiririko mzima umeupa dakika 30, jaribio la tatu halitapata hata nafasi ya kuanza. Programu yako ikatae mipangilio inayogongana hivyo na itaje namba zote mbili.

Kukata nako kuna adabu yake. Celery, zana ya Python ya kuendesha kazi za nyuma ya pazia, ina vikomo viwili: soft_time_limit huipa kazi taarifa ijifunge yenyewe, time_limit huua mchakato. Weka 540 na 600, upate dakika moja ya kufunga faili na kuandika ulipofikia. Angalia pia maombi ya mtandao yaliyo ndani ya hatua. Requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi hayo, haina kikomo cha muda usipoipa, kwa hiyo mtandao ukizubaa, ombi moja laweza kumeza sekunde zote 600. Lipe kila ombi sekunde 20.

SWALI: Nikibadilisha faili ya mipangilio wakati kazi inaendelea, vikomo vibadilike papo hapo?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Soma vikomo mara moja mtiririko unapoanza, uvihifadhi pamoja na rekodi ya mwendo huo, na logi (kumbukumbu ya programu) iseme kila thamani ilitoka wapi: faili, mazingira au chaguo-msingi. Mabadiliko yashike mwendo unaofuata. Ujaribu kwa hatua inayolala sekunde 5 chini ya kikomo cha 2. Ikimaliza salama, kikomo chako hakisomwi.