Mvue Soksi Kwanza

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji, binti wa Morogoro. Babu yake amelazwa wiki ya pili kwa kiharusi, hawezi kusema. Alipokwenda kumwona mchana alikuta mkono wa babu ulio mzima umefungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Kuuliza, akaambiwa, "Anang'oa mipira aliyowekewa." Ujumbe wake ukaishia hivi: "Dada, nikilalamika si watamkomoa?"

Sikulala. Swali hilo la kukomolewa ndilo lililoniziba mdomo mwaka 2019, na aliyeumia ni mama yangu.

Mama alikuwa na miaka 71. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kuondoka na maneno yake yote, likabaki moja tu: "haya". Haya ya ndiyo, haya ya hapana, haya ya naumia. Tulikwenda kwa zamu, mimi na wadogo zangu, saa za kuona wagonjwa. Kila tukifika tunaambiwa, mama yenu mkaidi, hataki kula. Na sisi tukaamini! Mimi mwenyewe nilimgombeza: "Mama, kula basi, unataka kutuacha na nani?" Akanitazama, akasema haya.

Siku ya saba niliingia mapema, kabla ya wageni kuruhusiwa. Mhudumu akapita na uji, akaweka kikombe juu ya kabati la pembeni, upande wa kulia, upande uliopooza, akaendelea na safari yake. Baadaye akarudi, akakichukua kikiwa kimejaa. Kwenye faili ikaandikwa amekataa kula. Mama hakuwa amekataa. Alikuwa anakitazama asikifikie.

Nilihamishia kabati kushoto, nikamkalisha wima, nikamlisha kijiko kwa kijiko hadi akamaliza vikombe viwili. (Huko kumkalisha wima msikudharau. Wagonjwa wengi wa kiharusi hushindwa kumeza vizuri, na ukimnywesha amelala, uji unaweza kuingia mapafuni akapata nimonia.) Siku ileile nilipaswa kwenda kwa muuguzi mfawidhi. Sikwenda. Niliogopa kwamba tukishatoka getini watamchukia.

Siku nne baadaye nikasikia harufu. Kwetu Juni ni baridi kali, na mdogo wangu alikuwa amemnunulia mama soksi nzito kwa upendo. Tulimvisha, na tangu hapo hakuna aliyemvua, si muuguzi, si sisi. Nilipovuta ya mguu wa kulia ilitoka na ngozi. Kisigino kilikuwa cheusi na kimechimbika. Nikamgeuza ubavu, juu kidogo ya makalio nako kidonda. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, na hukaguliwa kila mahali mfupa unapogusa godoro: visigino, nyonga, kiuno, viwiko, kisogo. Mama alikuwa amelala chali siku 11. Kila zamu ilidhani zamu iliyopita ilimgeuza.

Ndipo nilipofungua mdomo. Nilikwenda kwa mfawidhi na daftari la shule la mwanangu, nimeandika tarehe, saa, kikombe, soksi. Sikupiga kelele. Nikamsomea mstari kwa mstari. Alianza kunisikiliza amesimama, akaishia ameketi. Jioni ile karatasi ya kumgeuza mama ilitundikwa kitandani, kila aliyemgeuza anaandika saa. Hakuna aliyemkomoa. Kidonda kilichukua miezi 5 kupona, na leo mama anaota jua uani. Hilo najivunia. Zile siku 4 za kunyamaza, hapana, sijajisamehe.

Najua uchovu wa wauguzi wetu. Usiku wodini mle alikuwa mmoja kwa vitanda 28. Ndiyo sababu asiyeweza kusema asiachwe bila msemaji. Huko Afrika Kusini, mwaka 2016, serikali ya jimbo la Gauteng iliwahamisha wagonjwa wa akili kutoka hospitali za kampuni ya Life Esidimeni na kuwagawa kwenye vituo visivyokuwa na uwezo wa kuwahudumia. Walikufa watu 144, wapo walioteketea kwa njaa na kiu. Ndugu walikuwa wamepinga kabla ya uhamisho, hawakusikilizwa, na wengine walizunguka wakitafuta mtu wao amepelekwa wapi. Tusikubali mtu wetu ahamishwe hata wodi bila kuambiwa ni wapi na kwa nini.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kumfunga mgonjwa si jambo la mtu kuamua tu kwa sababu ana kazi nyingi. Uliza nani ameagiza, kama imeandikwa kwenye faili, anafunguliwa saa ngapi, na nani anaangalia kama damu inafika vidoleni. Omba ndugu mmoja aruhusiwe kukaa naye amshike mkono, huenda bandeji isihitajike tena. Andika majibu mbele yao. Anza na muuguzi wa zamu, kisha mfawidhi, kisha mganga mfawidhi wa hospitali, na usimsahau afisa ustawi wa jamii, watu wengi hawajui kuwa yupo. Wote wakikuzungusha, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Madaktari. Ukikuta amepigwa au ameguswa vibaya, usizungushwe na mtu, nenda polisi. Chagueni msemaji mmoja na daftari moja. Mkienda wajomba watano na maneno matano, mtajibiwa juu juu.

Leo jioni ukifika, msalimie babu, mwambie wewe ni nani, kisha mvue soksi. Niandikie ulichokuta, hata kama ni usiku wa manane.